Robine ya Kufungula Kila Mangaribi

Mu Makomeno, fasi barabara inapinda, Mama Mujinga alikuwa anauzisha kawa na bitumbula kila asubuhi, na mbele ya mbabula yake ya makala kulikuwa kiti murefu ya mbao yenye kulegea muguu moja. Ilikuwa miaka ile bantu balikuwa banaitana citoyen na citoyenne, mwezi ya saba, ile baridi ya Lubumbashi yenye inaingia mpaka mu meno. Bakubwa ya ile kiti balikuwa batatu, bashofere ya zamani, na hakuna mumoja bantu balikuwa banamuita tena jina yenye padri alimupatia. Laurent alikuwa Bulon, juu alitumika mingi mu garage, na kila shida ya dunia, hata ya ndoa, yeye aliiona kama bulon yenye haikukazwa muzuri. Kalaba alikuwa Gazeti, juu kila neno alikuwa anasema aliisoma mu gazeti, na kusoma hakujua. Na Faustin alikuwa Patron. Hakukuwa patron, mukubwa wa kazi, ya muntu, hapana. Aliendesha Muzungu moja miaka kumi na mbili, na neno yote ya kinywa yake ilikuwa inaanza na "patron wangu". Yeye njo alifundisha bashofere ya barabara yote: kila mangaribi unafungula robine ya chini ya radiateri, unaacha mayi yote ishuke mu bidon, asubuhi unafunga, unairudisha. Na bote balikuwa banafanya vile, mwaka na mwaka.

Asubuhi ile Mwape, shofere muchanga kupita bote, alikuwa amelala chini ya kamionete yake, miguu inje. Alikuwa amefunga robine, amerudisha mayi, na robine ilikuwa inadondoka.

— Inaacha? Bulon akauliza.

— Haiache. Kama ni kuzunguka hapa nyumba kwa nyumba, ningesema idondoke tu. Leo ninaenda Lukafu, Baba Bulon. Leo!

Ile neno Lukafu, bote pale balijua uzito yake. Wivine, bibi ya Mwape, alizaa kule kwa mama yake, mutoto ya kwanza, mwanamuke, na sasa ilikuwa juma ya tano Mwape hajamuona. Mara ya kwanza alitoka muzuri, lakini mu njia mayi yote ilimwangika, akarudia Lubumbashi na kamba nyuma ya kamyo ya bantu. Mama mukwe akatuma neno: mujukuu yake hatapanda mu sufuria yenye kutoboka. Kisha akatuma ingine: kama Mwape hafike mbele ya siku ya mungu, siku ya misa, mama na mutoto babakie Lukafu mpaka mvua ikuye, ikwishe. Na kesho ilikuwa siku ya mungu.

— Mutoto yangu, Bulon akasema, kosa haiko ya weye. Kosa iko ya ule alitengeneza ile robine. Angalia sikio yake, ile unashika juu ya kuizungusha. Ukifunga, inalala namna gani?

— Inalala kando.

— Umeona! Njia ya Lukafu iko mashimo tupu. Motokari inaruka, sikio inashuka pole-pole, robine inafunguka yenyewe. Kama ningeitengeneza mie, ukifunga, sikio ingeangalia chini. Uzito yake njo ingekuwa kufuli.

Mwape, kule chini, akaona ile neno iko na akili. Akangojea ingine.

— Bon. Sasa nifanye nini?

— Sasa? Bulon akavuta kawa yake na kelele. Sasa hakuna kintu ya kufanya. Mie ninasemea namna ya kuitengeneza.

Gazeti akacheka mpaka kitumbula ikamutoka mu kinywa.

— Weye uko unahangaika na sikio, na kosa iko fasi yenyewe! Mayi inaangukaka wapi?

— Chini.

— Na robine banaitia wapi?

— Chini.

— Voilà! Unamufungulia mwizi ku mulango yenye anapitaka. Nilisoma mu gazeti, kuko inchi yenye banatia robine mayulu ya radiateri. Mayi haijue kupanda. Haitoke hata tone moja.

— Na siku unataka kuitosha inje? Bulon akauliza.

— Unapindula motokari.

— Unapindula motokari!

— Na barafiki. Unaita barafiki, munapindula.

— Gazeti, Mama Mujinga akasema, weye hata kitumbula unashindwa kupindula, inaungua.

Patron alikuwa bado hajasema. Alikuwa anapangusa kopo yake na leso, namna ya bantu benye balikula mu nyumba ya Bazungu.

— Patron wangu, akaanza.

— Tuliijua! Bulon akasema.

— Patron wangu hakulala chini ya motokari hata siku moja. Mie njo nilikuwa ninalala. Baridi, matope, mayi ya moto mu mukono. Nikawaza sana kule chini. Robine ya kweli inapashwa kuwa mu kabine, karibu na goti ya shofere. Chuma murefu inashuka mpaka kule. Unaikala na abacost yako, ile koti ya bakubwa, unavuta, mayi inatoka. Kwisha.

— Sasa hapo unasema! Gazeti akaruka. Na ukisha kuitia mu kabine, utie na kopo. Mayi iko moto. Unaweka majani, unakunywa chai na kuendesha.

— Chai ya kutu? Mama Mujinga akauliza.

— Kutu iko chuma, mama. Damu inapenda chuma.

— Na kawa yangu nitamuuzishia nani?

Kule chini, tone ikamuanguka Mwape mu sikio. Akafunga robine tena na nguvu, ikaacha kidogo, ikaanza.

— Bazee, jua inapanda! Munipatie hata shauri moja, moja tu, ya leo!

— Tuko juu yake, Bulon akasema. Mwape, robine moja ni umasikini. Ngombe anatosha maziwa fasi ngapi? Ine. Tia ine, kila kona moja. Moja ikichoka, zingine zinaifichia haya.

— Ine iko mingi, Patron akakatala. Mbili. Moja ya kuendea, moja ya kurudilia.

— Na muntu akienda, akalala kule, harudie? Gazeti akauliza.

Patron akahesabu ku vidole.

— Ule atie tatu.

Mama Mujinga akainama, akaingiza mukono chini ya kamionete na kipande ya sabuni na uzi ya gunia.

— Shika, Mwape. Ndobo yangu ilikuwa inavuja vile, nilizungusha uzi na sabuni, ikasimama. Acha bale baseme.

Mwape akaanza kuzungusha. Njo wakati ile aliona miguu.

Ilisimama kando ya mupira ya mbele, miguu miwili ya vumbi mwekundu, mu sandale ya mupira. Ku muguu ya kushoto, kidole kikubwa ilikuwa na ukucha mweusi wa kupasuka, fasi mutwango ilianguka zamani. Mwape akaijua mara moja: ilikuwa miguu ya mama mukwe yake. Mwanaume hawezi kuinua macho ku mama mukwe yake. Kumuangalia mu sura ni kumutukana, na neno ya kumuambia inapitaka mu kinywa ya muntu mwingine. Mwape alikuwa mu ndoa mwaka mbili, na ile mwaka yote mbili, kwake, mama mukwe alikuwa miguu. Sura angeikosea mu soko. Miguu, hapana.

Na yeye alikuwa pale amelala mugongo, suruali imepanda, miguu yake wazi mu barabara.

— Jambo yenu, sauti ikasema.

— Jambo, mama! Gazeti akajibu. Ikala, ikala. Unatoka mbali?

— Nilipanda kamyo ya samaki ya Pweto. Ninatafuta motokari yenye inaenda Lukafu.

— Lukafu! Iko ile, uko unaiegamia. Lakini mama, ninakuambia kama mama yangu ya kuzaa: usipande. Ile motokari inakojoa.

Mwape akanyoosha muguu, akamupiga Gazeti ku kifundo. Gazeti akasogea kidogo, akaendelea.

— Anaenda kutwaa bibi yake na mutoto. Lakini kuko mama mukwe moja, banasema, mukali kama pilipili ya Kasenga. Anasema mujukuu hatapanda mu sufuria ya kutoboka.

— Alisema vile?

— Njo vile alisema! Na kila siku kijana wa bantu halale.

— Halale, ile miguu ikasema, na kidole ya ukucha mweusi ikapanda, ikashuka.

Mama Mujinga alikuwa mwanamuke. Aliangalia ile mugeni, akaangalia miguu ya Mwape yenye ilikufa ghafula, na akajua. Akatosha kikwembe yenye alijifunika ku mabega, akaitandika juu ya miguu ya Mwape mpaka ku vidole, kama muntu anafunika mukate.

— Na juu ya nini inavuja? mama mugeni akauliza.

Eeh, alikuwa amefungula robine ingine. Bulon akamuambia juu ya sikio. Gazeti akamuambia juu ya kupindula. Patron akamuambia juu ya kabine, na ya kuendea, na ya kurudilia. Alisikiliza yote. Hakucheka.

— Wakati ilikuwa mupya, ilikuwa inavuja?

— Hapana, mama, Bulon akasema. Imekwisha. Kufungula na kufunga, kufungula na kufunga, mpaka shaba imelika.

— Nani anaifungula?

— Yeye mwenyewe. Kila mangaribi anatosha mayi, asubuhi anairudisha. Shofere ya kweli anafanya vile.

— Juu ya nini?

Bulon na Gazeti bakageukia Patron. Patron akanyoosha mugongo.

— Juu ya barafu, mama. Patron wangu alisema, usiku ikikuwa baridi, mayi inageuka jiwe. Inavimba mule ndani, inapasula radiateri.

— Kwabo?

— Kwabo, kwa Bazungu. Kwabo iko vile.

— Mie niko Lukafu tangu kuzaliwa, mama akasema. Mwezi ya sita, mwezi ya saba, ninaachaka mutungi inje. Asubuhi mayi inanikata vidole. Lakini ni mayi. Nyinyi bantu ya muji munajua mingi, muniambie: hapa Makomeno, mu sufuria ya nani mayi ililala, ikaamuka jiwe?

Bulon akaangalia Gazeti. Gazeti, yenye alisoma kila gazeti ya dunia, akaangalia bitumbula. Patron akafungula kinywa, akaifunga, akaifungula tena. Hakukutoka hata tone. Mama Mujinga akaangalia pipa yake ya mayi, yenye ililala inje miaka kumi na moja.

Na Mwape, kule chini, mukono juu ya robine, alikuwa anahesabu mu kichwa mangaribi yote alilala pale mu matope. Akashindwa kuihesabu. Uzi na sabuni zilikuwa zinashika, hakukudondoka tena.

Ile miguu ikageuka. Kisigino ikaangalia kamionete, vidole ikaangalia ukuta.

— Mama, mugeni akamuambia Mama Mujinga, uambie ule mwanaume chini atoke. Mie ninaangalia ukuta.

Gazeti akaweka mikono mbili ku kichwa.

— Mungu wangu. Pilipili!

Mwape akatoka kinyumenyume, akajipangusa, akafunga kifungo. Akainua macho. Ilikuwa ruhusa, mama mukwe alikuwa amegeuka. Akaona mugongo mudogo, mudogo kabisa, na kitambala ya kuisha rangi, na mabega yenye ilisafiri juu ya magunia ya samaki usiku muzima. Alikuwa anamuogopa mwaka mbili, na hakujua kama eko mufupi vile.

— Umuambie, mama mukwe akasema ku ukuta, mayi yenye iko mule, ibakie mule. Asiifungule tena, hata patron ya nani aseme.

— Mwape, Mama Mujinga akasema, usiifungule tena.

— Umuambie nimesikia.

— Anasema amesikia.

— Umuambie nilikuya kuona ile sufuria yake, anitwae sasa. Nitaikala mbele, nione na macho yangu. Ikifika Lukafu na mayi yake, kesho kisha misa nitarudia hapa naye na bibi yake, nikibeba mutoto mu mikono yangu.

Mama Mujinga akageuka kumuambia, lakini Mwape alikuwa amekwisha kufungula mulango ya kabine, amesimama pale, macho chini, machozi inamushuka na hakuna uzi wala sabuni ya kuisimamisha.

Mama mukwe akapanda. Mwape akapanda ngambo yake. Hapo bote babili bakaona shida. Lukafu iko mbali, na mu ile kabine hakukuwa muntu wa kupitisha neno. Kama motokari ikichemuka, nani atamuambia nani?

Mama mukwe akatosha kichwa ku dirisha.

— Mama ya kawa! Kuya. Kati-kati iko fasi.

— Mie? Mama Mujinga akasema. Na mbabula yangu?

Lakini alikuwa amekwisha kuikamata birika. Wivine, na tumbo yake, alikuwa anaikalaka pale kila asubuhi akimuomba kitumbula ya kuungua. Kwake, ile mutoto ya Lukafu haikukuwa ya bantu bengine. Akamwanga makala, akatwaa kikwembe yake mu vumbi, akapanda kati-kati na birika mu magoti.

— Na kawa yetu? Bulon akalalamika.

— Kawa imekwisha.

— Tutafanya nini hapa mpaka kesho?

— Mama aliwauliza neno. Mutafute.

Kamionete ikawaka. Mwape akasikia nyuma Patron anaanza, pole-pole, "Lakini patron wangu…", na sauti mbili zinamukatala pamoja.

— Umuambie aende pole, mama mukwe akasema.

— Enda pole, Mama Mujinga akasema.

Akaenda pole.