Povu Lisiloanguka: Maisha ya Prokopis Kurvanelis, Kinyozi wa Kato Lithari

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kato Lithari na ninyi mliovuka bahari ili kumsindikiza, mimi ni Padri Efthimios, kaka wa marehemu wa tumbo moja, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kwa hesabu ya umri yeye ndiye aliyestahili kuifanya juu yangu. Jeneza liko wazi kama ilivyo desturi yetu, mnauona uso wake umenyolewa pande zote mbili, na mlio karibu mnasikia harufu ya maua ya mlimau ya sabuni yake. Waliofika nyumbani jana jioni waliuona uso huu ukiwa umenyolewa upande mmoja tu, na maneno yakafika mkahawani kabla ya kahawa kuchemka, huyu akisema ni aibu, yule akiuliza nani atammalizia, na wengi wakiapa kwamba awaye yote, ila asiwe binti yake. Nimeyasikia yote. Nitasoma kwa utaratibu, toka kuzaliwa hadi kufa, na jibu mtalikuta mahali pake.

Marehemu Prokopis Kurvanelis alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 6 Julai 1934, hapa hapa Kato Lithari, katika kisiwa chetu cha Lesvos, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mzee Ignatios, mkamuaji wa mafuta ya zeituni, na mama Evlambia, wote wametangulia mbele za haki. Mama alipenda kusimulia kwamba neno la kwanza alilotamka mtoto huyu lilikuwa “hapana”, na kwamba la pili lilichelewa sana.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1940, akaimaliza mwaka 1946, baada ya miaka ya njaa ambayo wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa, kisha akasoma sekondari Mitilini, mji mkuu wa kisiwa chetu, kwa miaka miwili, mpaka baba yetu alipofariki mwezi Machi 1948 na masomo yakakoma. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja, nalo ni kwamba mwalimu wa Kigiriki cha kale alipofundisha habari za yule mfalme wa Makedonia aliyewaamuru askari wake wanyoe ndevu ili adui asipate pa kushika, Prokopis aliinua mkono akauliza, “Na kabla ya wembe, mwalimu, walipakwa nini?”, akatolewa nje kwa utovu wa adabu, na swali lake likabaki bila jibu kwa miaka kumi.

Kuanzia 1948 alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni cha mzee Kaplanis kule ufukweni, akakatisha kazi hiyo kwa miaka miwili, kuanzia Oktoba 1955 hadi Oktoba 1957, alipotumikia jeshi mpakani kwenye mto Evros. Huko alifanywa kinyozi wa kikosi, kwa sababu tu mkono wake haukutetemeka wakati wa baridi, na akawanyoa vijana mia moja na ishirini kwa sabuni ngumu ya kufulia, ambayo povu lake hukauka kabla wembe haujafika kidevuni, na alirudi nyumbani akisema kwamba amemwaga damu nyingi kuliko adui yeyote wa nchi yetu.

Sasa nafika siku ambayo bila yake tusingekuwa na la kusoma. Ilikuwa Jumatano, tarehe 23 Aprili 1958, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, siku kumi baada ya Pasaka, kiwanda kizima kiko kanisani isipokuwa Prokopis, kwa kuwa sufuria la sabuni likishawekwa motoni halijui sikukuu. Mizeituni haikuzaa vizuri msimu ule, hivyo mzee Kaplanis alikuwa amenunua shahamu ya kondoo waliochinjwa Pasaka ili kujazia mafuta, na ghalani palikuwa na mapipa mawili yanayofanana, moja la magadi makali yanayoifanya sabuni igande ikatwe vipande, na jingine la potashi, chumvi itokanayo na majivu, ambayo sabuni yake haigandi abadani. Ndugu yangu alichota katika pipa lisilo lake. Mchana tajiri aliporudi kutoka kanisani akachovya mwiko, akakuta kitu laini kama unga uliokandwa, alipaza sauti ambayo sisi tulioketi uani pa kanisa tuliisikia, “Wee Prokopis! Nimekwambia sabuni, umenipikia uji wa mgonjwa! Beba yote ukatupe baharini, na ukimaliza ujitupe na wewe!”

Wakati huo nusu ya uso wa Prokopis ilikuwa chini ya povu. Alikuwa ameoshea mikono uji ule, akashangaa kuona povu limeng'ang'ania vinyweleo vya mkono wake na haliondoki, akachukua brashi yake ya jeshini, akabana donge dogo lenye ukubwa wa lozi, akalikoroga bakulini huku akidondosha maji kwa ncha za vidole, tone baada ya tone. Mwanzo lilitoka lile povu la mapovu makubwa, linalovimba kwa majivuno na kufa shavuni, ambalo maisha yake yote aliliita povu la uongo, lakini hakuliamini, akaendelea kukoroga mpaka mapovu yote yakazama ndani na kikabaki kitu kizito, cheupe, kinachong'aa kama maziwa ya mgando ya kondoo. Akajinyoa mbele ya tajiri wake bila tone la damu, akajifuta, ndipo akajibu, “Situpi, tajiri. Hapana.” Akaondoka na ndoo nne za kosa lake badala ya ujira wa mwezi ule, na hakurudi tena; ndoo zilipoisha alipika nyingine mwenyewe, kwa kosa lile lile.

Tarehe 1 Machi 1960 alifungua duka lake la kunyoa, lile lenye mlango wa buluu mkabala na bomba la maji, akaweka humo sheria zake mbili, ambazo hakuna mteja aliyezipindisha. Ya kwanza, povu halimgusi mtu mpaka aliyelikoroga ageuze bakuli juu chini, juu ya kichwa chake mwenyewe, kwa muda wa kusema Baba Yetu taratibu, na likianguka ni halali yake. Ya pili, kunyoa kulikoanzwa na mkono mmoja hakumaliziwi na mkono mwingine, hata kwa amri ya askofu.

Vita vyake vya kwanza vilikuwa vya kidini, na nilivisababisha mimi kwa ukimya wangu. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 1961, mwimbaji wetu wa zaburi, bwana Thrasivulos, ambaye ameketi pale kwenye kiti chake na haniangalii, alisimama dukani povu likiwa limefika masikioni, akatangaza kwamba kitu hiki kina shahamu ya kondoo, kwamba shahamu ni nyama, na kwamba wanaume wote wa Kato Lithari wamevunja mfungo kwa mashavu yao. Duka likawa tupu kwa juma zima. Prokopis alinijia akiwa amekasirika, akaniambia, “Kaka, wewe ndiye padri, ongea!”, nami ambaye wembe haujanigusa tangu nilipopewa daraja mwaka 1957 nilipanda mimbarani Jumapili ya wiki iliyofuata nikasema kwamba atakayeila sabuni ya ndugu yangu aje kwangu kuungama, na wengine wote waende wakanyolewe. Bwana Thrasivulos alikuwa wa kwanza mlangoni Jumanne yake, akisema, “Nyoa upesi, Prokopis, kabla Padri hajabadili mawazo,” na hakukosa wiki hata moja kwa miaka hamsini.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Pelagia Vurnazeli siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1962, katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ignatis, aliyezaliwa 1964 na aliye Melbourne, akitusikiliza kwa simu wakati huu, na Mirsini, aliyezaliwa 1968, aliyeketi mbele yenu. Pelagia alitutoka tarehe 11 Februari 2004. Alikuwa mwanamke pekee aliyeweza kumwambia Prokopis hapana, naye akatii.

Makopo ya povu la kubonyeza yalipoanza kuletwa kisiwani, vinyozi wa Mitilini waliyapokea mmoja baada ya mwingine, na bwana Thrasivulos, kwa utani uliopita kiasi, alimletea ndugu yangu kopo moja kutoka Athene, naye akalipokea kwa heshima zote, na likatumika miaka thelathini na minane kuzuia mlango usipigwe na upepo, bila kufunguliwa. Walikuja watu kumshauri, walikuja watu kumcheka, alikuja mkaguzi akamwambia kwamba zama zimepita, naye kila mmoja alimketisha, akamgeuzia bakuli juu ya kichwa chake mwenyewe, akaanza Baba Yetu.

Lakini mimi ni padri, na mbele ya jeneza sidanganyi. Uthabiti ule ule uliomfanya awe mtu, ulimfanya pia adhulumu. Mwaka 1986 Mirsini, akiwa na miaka kumi na minane, aliomba afundishwe kazi, na baba yake alimjibu lile neno lake la kwanza, bila kuongeza sababu, binti akaenda kufanya kazi katika duka la dawa Mitilini kwa miaka ishirini na mitano, akimtembelea kila Jumapili, na hakuomba tena.

Tarehe 14 Septemba mwaka huu wa 2011, siku ya Kuinuliwa kwa Msalaba, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa dukani, akalazwa hospitalini Mitilini, mkono wake wa kulia ukiwa umekufa na ulimi wake umebakiwa na neno moja tu, na ninyi mliomjua mnajua ni lipi. Wauguzi, kwa wema wao, walimletea kopo la povu. “Hapana.” Mtu aliyejinyoa kila alfajiri kwa miaka hamsini na mitatu akaota ndevu, na nilipoingia chumbani na kuona uso wangu mwenyewe umelala kitandani, nililia. Siku ya tisa Mirsini aliingia na bakuli, brashi na mkebe wa sabuni kutoka dukani, akajaza maji mengi, akapata povu kubwa la uongo, akageuza bakuli juu ya kichwa chake, na kabla mimi sijafika “uliye mbinguni” likamwagika lote kwenye nywele zake, na baba yake akacheka kwa nusu ya mdomo. Kesho yake alirudi. Alirudi kila siku, siku arobaini na nane, kila siku nywele zake zikioshwa na kushindwa kwake, nami nikimsihi, “Mwanangu, pumzika,” naye akinijibu, “Mtu mwingine angeniambia hivyo, sawa, lakini wewe baba mkubwa uliyeokoa sabuni hii mimbarani?”

Jumatano, tarehe 9 Novemba, yaani jana asubuhi, alikoroga bila haraka, tone baada ya tone, mpaka bakuli likanyamaza. Alipotaka kuligeuza, ndugu yangu alinyoosha mkono wake wa kushoto, akamnyang'anya, akaliinua juu ya kichwa chake mwenyewe yeye kinyozi, akaligeuza, akanitazama. Nikasema Baba Yetu taratibu kuliko nilivyowahi kuisema katika ibada yoyote. Mirsini alikuwa amejifunika macho kwa viganja vyote viwili, na nilipofika “amina” aliuliza bila kufunua, “Baba, limeanguka?”

“Hapana,” akasema Prokopis.

Mirsini alimnyoa shavu la kulia, lile lisilo na hisia, kisha baba yake akachoka, akaonyesha kwa kidole kwamba watamalizia baadaye, akalala, na saa saba na dakika ishirini mchana akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Hivyo ndivyo mlivyomkuta na nusu ya ndevu, na mhudumu wa mazishi alipofungua mkoba leo asubuhi na kutoa kopo lake, nililichukua nikaliweka mlangoni, linakofaa. Bwana Thrasivulos alinishika joho akaniambia, “Padri, mwanamke na wembe juu ya maiti ya mwanamume, kanuni zinasemaje?” Nimesoma kanuni za mitaguso kwa miaka sitini, nikazipitia tena pale pale kichwani, na sikukuta hata moja inayotaja brashi, lakini sheria ya pili ya duka naijua, na mkono uliolianza shavu la kulia ndio uliomalizia la kushoto, na bakuli nilishika mimi. Mwenye neno anione mimi, si yeye.

Limebaki agizo moja, aliloandika kwa mkono wake mwaka alipozikwa Pelagia, nalo ni kwamba hataki mwanamume yeyote amfugie ndevu za msiba kwa siku arobaini, kwa sababu, nanukuu, “nimezipiga vita maisha yangu yote, msinizike chini yake.” Kwa hiyo duka litafunguliwa Jumanne ijayo, tarehe 15 Novemba, saa mbili asubuhi, na Mirsini ndiye atakayesimama nyuma ya kiti, na nafahamu kwamba siku hiyo mfungo wa Noeli unaanza, na kwamba shahamu ni ile ile ya kondoo, na hukumu yangu ni ile ile ya mwaka 1961. Bwana Thrasivulos, zamu ya kwanza ni yako. Ndevu za msiba nitamfugia mimi peke yangu, maana ninazo tayari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mitilini waliovumilia maji sakafuni kwa siku arobaini na tisa, majirani waliotuletea samaki na mikate, vinyozi wenzake waliofunga maduka leo, na nyote mliopanda kilima hiki katika upepo huu.

Prokopis, mdogo wangu, povu limesimama. Pumzika kwa amani, uso wako ukiwa safi.