Mama Léonie na Vitambaa Bila Sindano

Ndugu mliokuja kulia pamoja nasi, jamaa wamenituma mimi Anaclet, shemeji yake, niwasomee maisha ya Mama Léonie Ngoie, na naomba mnivumilie sauti ikikatika.

Mama Léonie alizaliwa Kongolo tarehe 3 Mei 1914, akasoma kwa masista hukohuko hadi mwaka wa 1929, akafunzwa kusoma, katekisimu na kushona, na katika kushona hakuwa na mwenzake. Tarehe 8 Agosti 1932 alifunga ndoa na kaka yangu mkubwa Donat, fundi wa reli, wakahamia hapa Élisabethville, wakajaliwa Casimir mwaka wa 1933, na Germaine tarehe 20 Januari 1936.

Desemba ya mwaka huohuo, akimshonea Casimir shati la Noeli, sindano ilimponyoka ikapotea mkekani, mtoto akaikanyaga, pepopunda ikamkaza taya, na kabla ya sikukuu tukamzika. Akabaki Germaine peke yake. Tangu hapo sindano haikuingia tena nyumbani mwao, roho ya Mama ikawa juu juu, na Germaine akichelewa kidogo tu bombani, mama yake alikuwa ameshafika barabarani bila viatu.

Lakini mikono yake ilikataa kukaa bure. Wakati wa vita, nguo zilipoadimika, aliwakusanya barazani watoto wa kambi yetu ya reli, akawafundisha kupasua matambara, kuyafunga mafundo na kuyasuka, wakatengeneza watoto wa bandia, mipira na mikeka midogo, bila uzi wala sindano, na kabla hawajatawanyika aliwaambia, "Batoto, muonyeshe mikono," akaikagua ya kila mmoja. Sisi mashemeji tulimcheka, naye akatununia kabisa.

Mwaka wa 1951 Germaine alitaka kujifunza ushonaji kwa masista, Mama akakataa katakata, Donat akambembeleza mwezi mzima, mwishowe akakubali, ila sindano zibaki shuleni, na kila mchana alikwenda kumngoja langoni, hata siku za mvua.

Kifua kilimshika Machi mwaka huu wa 1957, akalazwa hospitali, akarudi nyumbani amekonda sana, na gauni lake la Jumapili, ambalo alitaka azikwe nalo, likawa linampwaya. Germaine alileta sindano, akasimama nayo mlangoni, akaomba ruhusa. Mama aliikazia macho ile sindano, sote tukajua atamfukuza, kumbe alimwambia asogee dirishani apate mwanga, akamtazama akishona mpaka mwisho. Aliaga dunia kesho yake, tarehe 14 Juni.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa kambi waliotupikia, na wenzake Donat wa reli waliochonga jeneza.

Pumzika kwa amani, Mama Léonie, usihangaike tena, Germaine wako ni mzima.