Tikisa Kwanza

BIBI: Haloo? Mke mwenza, hii dawa ya kinywa ya chupa, ile ya njano, wewe unaijua vizuri?

MJUKUU: Haloo? Nani mwen— Bibi! Shikamoo. Namba ya nani hii?

BIBI: Marahaba. Ya jirani, yangu imezima. Kasema salio dogo, nisipige porojo.

MJUKUU: Unakatika-katika, ila nakusikia. Nina wateja dirishani hapa duka la dawa. Babu hajambo?

BIBI: Yupo. Yupo tu.

MJUKUU: Kinywa je?

BIBI: Ule utando mweupe bado, kama maziwa yaliyoganda. Ulimi wote, mpaka kwenye mashavu. Jana alikunywa uji vijiko viwili. Leo hata kimoja. Na dawa nampa mara nne kwa siku, leo siku ya sita, sijaruka hata mara moja.

MJUKUU: Siku sita bila nafuu? Chupa imebaki kiasi gani?

BIBI: Robo. Chini kuna tope zito, kama kiini cha yai. Nikasema haya ni machicha, nitayamwaga.

MJUKUU: Bibi... ulikuwa unaitikisa?

BIBI: Kuitikisa?

MJUKUU: Chupa! Imeandikwa ubavuni, tikisa kwanza kabla ya—

BIBI: Yale maandishi ya sisimizi? Mimi nilisomea maandishi ya ubaoni, mwanangu. [Mkwaruzo.] Nilikuwa naiinamisha polepole, nisiivuruge.

MJUKUU: Basi lile tope ndiyo dawa yenyewe. Huku juu ni maji matamu tu.

BIBI: Siku sita nampa maji matamu.

MJUKUU: Si kosa lako, Bib—

BIBI: Na kila nikimpa namwambia, meza, hii ndiyo itakayokurudishia sauti. Na anameza.

MJUKUU: Sikiliza. Hilo tope usimpe, kipimo chake kimeshaharibika. Nawapigia duka la dawa la kona hapo kwenu wakuletee chupa mpya leo leo.

BIBI: Jirani naye kanipa vidonge vyake viwili vya fangasi, vilimbakia. Anasema vina nguvu, siku moja tu mtu—

MJUKUU: Umempa?!

BIBI: Mbona unanipigia kelele? Viko mfukoni.

MJUKUU: Virudishe. Babu anakunywa ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Vikikutana, damu inaweza kumtoka ndani kwa ndani. Dawa ya mtu haiazimwi kama sufuria, Bibi.

BIBI: [Anashusha pumzi.] Nilikuwa nimeshateka maji ya kumezea.

MJUKUU: Na meno anayatoa?

BIBI: Meno gani?

MJUKUU: Bibi.

BIBI: Babu yako ana meno yake.

MJUKUU: Mke mwenza, hata mimi najua ni ya bandia.

BIBI: [Kwa sauti ya chini.] Miaka ishirini na saba ananiambia ni yake, nami naitikia. Mume akijificha nyuma ya pazia na miguu ikaonekana, utamwambia nini?

MJUKUU: Basi fangasi wanalala humo humo chini yake. Kumpa dawa na meno yakiwa ndani ni kupiga deki huku bomba linavuja. Yatoke, yasuguliwe kwa mswaki, usiku yalale kwenye maji. Chupa mpya itikise. Dawa nusu shavu la kulia, nusu la kushoto, azungushe, akae nayo, ndipo ameze. Mwinue asipaliwe. Kisha nusu saa asile wala asinywe.

BIBI: Mimi nilikuwa nampa maji palepale, ya kuondoa ladha.

MJUKUU: Usimpe. Siku kumi na nne hivyo hivyo, na hata ukiona—

BIBI: Kumi na nne?

MJUKUU: Na hata ukiona pamekuwa safi, ongeza mbili.

BIBI: Kumi na nne nyingi, mwanangu. [Mkwaruzo.] Ile kadi ya hospitali nimeigeuza mbele na nyuma. Waliporuhusu tuondoke, hawakuandika tarehe ya kurudi.

MJUKUU: Labda walisahau.

BIBI: Labda.

MJUKUU: Nitakuja, Bibi. Mwisho wa mwezi naomba ruh—

BIBI: Sidai apone. Nataka aseme tu. Siku ya nne leo kuna neno analisema, silipati. Linaishia na "aa". Nikamletea saa, maana ni fundi saa yule, nikamwekea sikioni. Akaisukuma. Nikawasha taa, akafumba macho. Nikasema labda anasikia baridi, anataka mkaa, nikakimbilia jikoni. Narudi, namkuta analia. Mtu aliyekuwa anafungua saa ndogo kama kifungo, na mimi nashindwa kumfungulia neno moja!

MJUKUU: Toa meno, Bibi. Sasa hivi, nikiwa hapa hapa.

BIBI: Haya. [Hatua. Kitanda kinalia.] Mume wangu, fungua kinywa. Usigeukie ukutani. Nayajua tangu siku ile uliyosema unakwenda kununua kamani za saa, ukarudi unacheka bila sababu. Lete. Polepole... Mama yangu! Vidonda vyote hivi, na ulikuwa unanyamaza? Haya, yako bakulini.

MJUKUU: Bibi, hiyo pii-pii ni sal—

BIBI: Inalia nini hii?

MJUKUU: Salio! Nafunga dirisha, nakuja leo. Unasikia? Leo! Mwekee simu mdomoni.

BIBI: Sema, baba watoto. Hapa hakuna mgeni. Nikuletee nini?

BABU: ...aa.

BIBI: Taa inawaka. Ngoja nikaangalie mkaa—

BABU: Kaa.

BIBI: Eh?

BABU: Kaa hapa. Usi... usiende tena. Kaa.