Mzee Rangi na Kamba Wake Wekundu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, pamoja nanyi wanachama wa chama cha wafugaji wa viumbe vya majini, familia imemteua mdogo wake wa kike, aliyemfuata kuzaliwa, awasomee maisha ya marehemu, naye atayasoma kama yalivyoandikwa, isipokuwa sehemu moja aliyoiandika mwenyewe asubuhi ya leo, ambayo hata wanafamilia hawajaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964, na baadaye chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1976 katika fani ya upakaji rangi. Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika duka la rangi za magari, akadumu hapo miaka thelathini na tisa akichanganya rangi kwa macho tu, ukimpelekea kipande cha mlango kilichochubuka anakurudishia kopo la rangi ileile, na ndiko alikobatizwa jina la Mzee Rangi angali kijana asiye na hata mvi moja. Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1982, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao wako hapa na mama yao.

Mwaka 1999 mteja mmoja alimletea chupa yenye kamba wadogo kumi na mmoja wa maji baridi, wale wa mapambo, wasiozidi urefu wa pingili ya kidole, na tangu siku hiyo sebule haikuwa sebule tena. Wageni walimtania wakiuliza watakaangwa lini, naye aliwavutia kiti mbele ya kioo na kuwaeleza, watake wasitake, kwamba jike ndiye mwenye rangi iliyokolea na dume hupauka, kwamba jike akishajivua gamba madume huzunguka majini kama waliochanganyikiwa wakimtafuta, na kwamba hubeba mayai chini ya tumbo karibu mwezi mzima akiyapepea kwa miguu. Katika kila kizazi aliwahamishia waliopauka kwenye beseni lao, akawaacha waliokolea wazaane, hadi mwaka 2012 alipokitangazia chama kwamba wekundu wake hawazai tena rangi nyingine, akawagawia wanachama mbegu, yaani kamba wa kuzalisha. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, wekundu na wale wa buluu aliowafuga kwenye tangi jingine wasikutane, maana watoto wao hutoka na rangi ya tope, na mkewe alimcheka kwamba kazini analipwa kuchanganya rangi na nyumbani anagomba zikichanganywa.

Mwezi Mei 2013 alilazwa wiki tatu kwa upasuaji wa ngiri, akamwachia funguo mdogo wake huyu anayesoma. Siku ya tano mashine ya hewa ya tangi la buluu iliungua, naye kwa kuogopa wasife aliwachota akawaweka kwa wekundu, wakakaa siku nne hadi mashine mpya ilipopatikana, kisha akawarudisha kwao arobaini na mmoja, akijua fika walikuwa arobaini na wawili. Aliyesalia alikuwa dume mdogo aliyepauka, asiyeonekana kati ya majani, ambaye baadaye alimkuta amekufa nyuma ya sifongo ya kuchujia maji, akamtupa. Kaka aliporudi na kuuliza habari za kamba, alijibiwa kwamba ni salama tu.

Agosti, watoto walipoanza kushika rangi, wengi walikuwa wa kahawia. Marehemu alikaa mbele ya kioo Jumapili nzima, na tarehe 9 Septemba akakiandikia chama barua ya kuomba radhi, akisema mbegu aliyowapa haikuwa safi, wasiiendeleze, na hakuhudhuria tena mkutano wenu hata mmoja. Barua ile ilisahihishwa herufi na mdogo wake, aliyeombwa kufanya hivyo kwa kuwa ni hodari wa tahajia, akazisahihisha zote, akamrudishia.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 2021, akalazwa tarehe 2 Februari 2022, na siku mbili kabla ya kufariki alimgeukia mdogo wake akamuuliza, hivi kwenye wale wekundu alikosea wapi. Alijibiwa apumzike kwanza, wataongea akipata nafuu. Alifariki tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi.

Sasa, ndugu zangu, karatasi ya familia, mahali pa habari zote hizi za kamba, imeandikwa tu kwamba marehemu alijaribu pia ufugaji wa kamba bila mafanikio. Sentensi hiyo si kweli, na mdogo wake amekataa kuisoma kama kweli, kwa sababu aliyeiharibu kazi ile ni yeye, na aliona haya kusema kwa karibu miaka tisa, na haya hiyo haina udhuru.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopokezana kumsaidia wifi, wafanyakazi wa duka la rangi, na chama, ambacho katibu wake anaombwa kuifuta barua ya Septemba. Mbegu aliyowapa ilitoka kwake mwaka mmoja kabla ya kosa, ilikuwa safi, na kama yupo hata mmoja wenu ambaye hakumsikiliza akaiendeleza, tafadhali asiondoke leo kabla ya kuonana na familia.

Kaka, hukukosea popote. Lala kwa amani, na unisamehe.