Wasifu wa Binti Yetu Msumari, na Mkono Alioushika

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mliotufikia, tulieni kidogo. Wasifu huu nimeuandika mimi, mama yake mzazi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kumbukumbu yangu haikuishia hapo. Atakayeona tarehe imekosewa anifuate nikimaliza, tubishane.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, saa mbili asubuhi. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa baba yake, fundi seremala, ambaye ametutangulia. Alizaliwa mwembamba, amenyooka, kichwa kimeuzidi mwili. Baba yake alimtazama akasema, "Huyu si mtoto, ni msumari." Jina likamganda, na waliojaribu kumpinda walikuja kugundua kwamba seremala hakukosea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alimkosesha jibu ambalo lilikuwa sahihi. Msumari akasimama, akakataa kukaa. Mwalimu akaniita shuleni.

"Mama, mtoto wako hakai."

"Hesabu umeirudia?"

"Bado."

"Basi atakaaje?"

Aliirudia. Msumari akakaa. Alimaliza sekondari mwaka 1991, na mwaka 1995 akahitimu stashahada ya kompyuta, darasa la vijana thelathini na wawili, wasichana wawili.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu za hospitali. Programu ya kuandikisha wagonjwa aliiandika yeye, nayo ilirithi tabia yake: ukiacha nafasi tupu, haikuruhusu kwenda mbele. Makarani walinung'unika. Yeye alisema, "Kinachoachwa wazi ndicho kinachomuua mgonjwa."

Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2002 na mpima ardhi, aliyekuja kupima kiwanja cha kampuni kisha akarudi kukipima mara nne. Kiwanja hakikuwa kimekua. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Sasa nimefika kwenye aya niliyoombwa niiruke.

Juzi Alhamisi walikuja nyumbani wajumbe wawili wa kamati inayoandaa mkutano wa teknolojia wa kila mwaka. Walileta shada la maua, na pia picha ya marehemu, ndogo, anatabasamu, ya kitambulisho. Wakaomba tuiweke hiyo kwenye jalada la kijitabu hiki cha wasifu, na mambo ya mwaka 2014 tusiyataje. Mmoja akasema kwa upole, "Mama, ni kwa heshima ya wazee tu."

Nikamuuliza, "Mzee gani? Hapa mzee ni mimi."

Maua tulipokea. Picha walirudi nayo.

Mkutano ule ulikuwa na mwenyekiti wake, mtu mkubwa, wenyewe wakimwita Mlezi kwa kuwa eti aliwalea vijana katika fani. Mabinti walijua malezi yake. Kila palipopigwa picha ya pamoja alisimama katikati yao, na mkono wake ulishuka mgongoni, ukapita kiunoni, ukaendelea na safari. Mwaka 2009 ulimfikia mwanangu. Alikuja kwangu siku ile ile, akakaa jikoni, akanieleza. Nami nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Utaharibu kazi yako."

Akanyamaza miaka mitano. Mwalimu mzima alishindwa kumkalisha. Aliyemkalisha ni mimi. Ninalisema hili mbele yenu kwa sababu wasifu huu nao haukubali nafasi tupu.

Jumatano, tarehe 17 Septemba 2014, alikwenda kwenye mkutano huo na binti wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Mchana, kwenye banda la maonyesho, binti alimnong'oneza: "Dada, yule mzee amenishika mara mbili. Nikisema watanifukuza?" Jioni wakaitwa jukwaani kwa picha, watu mia nne wakiwa wamekaa. Mlezi akajipenyeza kati yao. Msumari alisubiri mpaka mpiga picha aliposema "tayari", akapeleka mkono nyuma ya binti, akaukamata mkono alioukuta huko, akaunyanyua juu ya vichwa vyao wote.

"Jamani," akasema, "mkono huu ni wa nani? Nimeuokota kwenye makalio ya mtoto wa watu."

Mpiga picha akabonyeza.

Mlezi akacheka, akasema, "Dada huyu ana utani." Hakucheka mtu. Mama mmoja wa kampuni ya simu akasimama kule nyuma: "Mimi naujua huo mkono!" Akasimama na mwingine. Wiki ile kamati ilipokea barua kumi na moja.

Mwezi Novemba marehemu aliachishwa kazi; waliandika kwamba idara imepunguzwa. Idara ilikuwa na watu tisa, akapungua yeye. Mlezi aliondoka kwenye kiti Machi 2015 kwa sababu za afya, na wanaomjua wanasema afya yake haikuwa na neno. Mpiga picha aliamriwa aifute ile picha. Akaileta nyumbani, akasema, "Dada, kidole kilikataa."

Mwaka 2015 Msumari alifungua ofisi yake, yeye na yule binti, meza mbili na feni moja. Walifundisha kazi mabinti sitini na wanne.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Siku ya kulazwa, karani wa hospitali alilalamika, "Hii programu, mama, ina ubishi! Haiendi mpaka ujaze kila kitu." Akajibu, "Najua. Jaza." Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, hakuwahi kuchelewa. Alituaga Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku nane atimize hamsini.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka wawili, na yule binti, ambaye sasa ndiye mkuu wa ofisi.

Tazameni jalada: ndiyo ile picha iliyokataa kufutwa. Msidhani anatupungia. Ule mkono wa pili, alioukamata, una mwenyewe; uso wake tumeukata, maana jalada hili si lake. Mwaka 2009 nilimwambia mwanangu aushushe mkono wake kabla hajauinua. Leo namwambia tena, kwa sababu nyingine.

Ushushe sasa, Msumari. Tumekupokea. Pumzika kwa amani.