Gurudumu la Majella

Haya mawe tunayokalia hatukuyaleta sisi. Halmashauri iliyamwaga hapa langoni mwa kituo chetu sisi Wasafiri, watu wa kuhamahama, ili trela nyingine zisiingie, na kweli hazikuingia, ila makalio yetu yalipata pa kutua. Ndiyo kijiwe chetu. Huku barabara ya malori, huku trela zetu, ndizo nyumba zetu, na katikati mimi Bina na birika langu, maana trela yangu ndiyo ya kwanza ukiingia. Kahawa hatuna habari nayo. Hapa ni chai nzito, maziwa, na sukari ya kumuudhi daktari. Wenye kijiwe ni watatu. Kuna Redio, ambaye hazimwi. Kuna Askofu, ambaye hakosi msiba wala methali, tatizo methali zake hutua nyumba ya jirani. Na kuna Sindano, mwembamba, mkali wa mbio za farasi, baba yake Majella. Jumanne hiyo mvua ilikuwa imekatika kidogo na kila mtu alikuwa amevimba kwa hasira, hata mimi.

Kisa ni Majella. Ana miaka kumi na minane, yuko mwaka wa mwisho sekondari, na hapa kituoni kwetu hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Chuo cha walimu wa useremala kimemwahidi nafasi akipata alama. Nusu ya alama ni kazi ya mikono, na kazi yake ilikuwa gurudumu la mbao la gari la farasi, kama yale ya babu yake, Mzee Owney, baba yake Sindano. Mzee alipozidiwa aliomba alishike, na mwalimu akamruhusu Majella alibebe nyumbani. Mzee akafa gurudumu limeegemea kitanda chake. Tukamzika, kisha tukafanya wanavyofanya watu wetu: tukaichoma trela yake na kila kilichokuwa chake, maana nani atalalia kitanda cha marehemu? Gurudumu, kwa kuwa lilikuwa humo ndani, likaenda na moto. Sasa asubuhi hiyo shule imepiga simu kwamba bila kazi ya mikono hakuna alama.

Sindano: Kesho naziba lango lao. Farasi wanne! Hakuna mtoto wa watu wa majumba atakayepita mpaka mwanangu apewe haki yake.

Redio: Wanne? Peleka kumi, bwana. Wanne watadhani ni maonyesho.

Askofu: Tulia, Sindano. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni hapo ni nani, Askofu? nikauliza.

Askofu: Wewe mimina chai, dada Bina.

Redio: Mimi nawaambia, hii kitu ilipangwa. Jiulizeni. Gurudumu limefungiwa kabatini kwao tangu Septemba, halitoki hata kupigwa jua. Mzee anaanza kukohoa damu, ghafla mwalimu anasema, "Lichukue, binti." Alijua!

— Alijua kwa sababu Majella alimwambia, tena analia.

Redio: Si ndiyo hivyo wanavyopata habari?

Sindano: Huyo mwalimu Keaveney nilimwona mazishini. Nilimpa mkono! Mkono huu!

Redio: Alikuja kupima upepo. Halafu kumbukeni zimamoto. Kibanda cha Jimmy kilipoungua walikuja baada ya saa nzima, wakakuta majivu yamepoa. Trela ya Mzee hata haijashika vizuri, ving'ora hivyoo! Nani aliwaita?

Askofu: Lisemwalo lipo, na kama halipo, basi mchumia juani.

— Askofu, hiyo ni methali au ni ajali?

Redio: Sijamaliza. Mnajua kwamba gurudumu halijaungua?

Sindano: Acha fiksi.

Redio: Naapa! Mti mgumu vile unaacha kitu. Mliona nini kwenye majivu? Springi za godoro na sufuria. Lile mlilochoma ni gurudumu bandia. La kweli liko makumbusho Dublin, ndani ya kioo, limeandikwa, "Kazi ya mikono ya Wasafiri, watu waliokwisha." Na sisi tupo hapa tunakunywa chai!

Nilicheka, hasira haijatoka. Kucheka na Redio ni rahisi. Lakini mimi nimesoma katika shule za hao watu wa majumba, wasioishi kwenye trela. Miaka yangu yote nilikaa nyuma pamoja na binamu zangu, tukapewa kalamu za rangi, wenzetu wakipewa hesabu. Nilipaka rangi mpaka nikaota matiti. Siku moja nilinyoosha mkono kujibu swali na yule mama akaniambia nishushe, hakuwa akiuliza upande wetu. Kwa hiyo mtu akiniambia shule imemfanyia mtoto wetu ubaya, siombi ushahidi. Damu yangu huchemka kwanza, mengine baadaye.

Askofu: Mimi nitawaambia wanachoogopa. Majella akiwa mwalimu, mtoto wa daktari itabidi asimame amwamkie. Mtoto wa polisi itabidi amwombe ruhusa kwenda chooni.

— Hapo umesema kweli leo.

Askofu: Basi ngoja. Akishakuwa mwalimu, atakuwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu anakula na askofu.

Redio: Wewe?

Askofu: Askofu wa kweli! Askofu anaandika Roma. Roma inauliza, "Hawa Wasafiri ni nani?" Serikali inaona aibu, zile njia zote za majani tulizofungiwa zinafunguliwa tena, tunapiga kambi tunapotaka. Ndiyo maana wamezuia gurudumu. Gurudumu moja, nchi nzima! Samaki mmoja akioza, mkunje angali mbichi.

Sindano hakucheka. Alikuwa akivunja kijiti vipande vipande.

Sindano: Ninyi mnafanya masihara. Mtoto hajala tangu asubuhi. Nimegonga mlango, hafungui. Nani alimwamsha gizani miaka yote hii awahi basi? Mimi. Nani aliuza farasi wake dume mwekundu amnunulie randa na patasi? Mimi. Ndugu zangu wenyewe walinicheka, eti namsomesha msichana badala ya kumtafutia mume. Nikawaambia, huyu atamaliza.

Redio: Na mimi je? Siku ya theluji nani alimpeleka kwa pikapu, breki hazishiki?

Askofu: Mimi nilikwenda kuhiji kwa Bikira kule Knock kwa ajili yake. Kwa miguu! Kutoka kwenye maegesho.

— Sawa, sote tulimshika mkono, nikasema. Sasa anahitaji nini leo?

Sindano: Anahitaji wamwogope baba yake!

Hapo gari dogo la bluu likapunguza mwendo, likapita katikati ya mawe kwa shida, likasimama. Akashuka Mwalimu Keaveney mwenyewe, na vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi.

Redio: Ukimtaja shetani, huyo hapo.

Sindano alisimama. Nami nikasimama na birika mkononi, maana sikujua ataanza na ngumi au na matusi.

Sindano: Una roho ngumu, mzee. Unakuja hapa?

— Nimekuja, Bwana Mongan. Huyu humwita Sindano kwa jina la ukoo. — Nimetoka kuongea na wakubwa wa mtihani. Mchana kutwa niko kwenye simu.

Sindano: Wamesema hakuna alama. Tumesikia. Zunguka uende.

— Hayo yalikuwa ya asubuhi. Nikawaambia nililiona gurudumu lile likijengwa, kila kijiti. Nina picha zake nyingi. Nikawaambia hakuna fundi kijana niliyemfundisha anayemfikia. Sasa wamelegea.

Redio alisogea akampisha jiwe. Mwalimu hakukaa. Nilimpa chai, akaishika tu.

— Wako tayari kuzikubali picha na neno langu, akasema. — Ila walitaka kujua kwa nini gurudumu halikutolewa kabla ya moto. Nikawaeleza mila yenu. Nikasema si uzembe wa mtoto, kwao vya marehemu huchomwa vyote, hakitoki kitu, hata mtoto akilia. Nimesema sawa?

Askofu: Sawasawa! Tangu enzi. Hata kijiko.

— Basi limebaki jambo moja. Wanataka mtu wa familia alithibitishe hilo kwa kiapo, na mimi nilipeleke usiku huu. Wakikuta mila ilifuatwa, Majella anapata alama zake. Wakikuta kitu kingine kilitolewa, watasema gurudumu nalo lingeweza kutolewa, na hapo sina la kuwaambia. Ni swali dogo tu. Bwana Mongan, siku ile, kuna chochote kilichotolewa?

Redio akazimika. Nimemjua miaka thelathini na sijawahi kumwona amezimika.

Kilitolewa. Sote tulikuwepo. Kigari cha mbio cha Mzee Owney, kile chepesi cha magurudumu mawili, kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo ubavuni mwa trela, na hatamu zake mpya zilikuwa ndani, zimetundikwa juu ya kitanda. Mbio na watu wa mji wa Tuam zilikuwa zimeshapangwa Jumapili ile. Sindano aliingia akatoka na hatamu, akakifungua kigari, akakisukuma nyuma ya banda la farasi. Redio alimshikia mnyororo. Askofu alinyunyizia maji ya baraka, akasema Mzee mwenyewe angependa. Jumapili tulisimama kando ya barabara tukashangilia mpaka sauti zikakauka, nami nikiwemo.

Na Majella alikuwa mlangoni siku ile, kabla ya petroli. Aliomba dakika moja tu aingie. Baba yake alimwambia cha marehemu hakitolewi, asimletee mkosi, arudi nyuma. Akarudi nyuma.

Mtu wetu anaweza kumdanganya polisi, na mnunuzi wa farasi atamdanganya huku anatabasamu. Lakini kuapa uongo juu ya baba yako ambaye udongo wake haujakaa sawasawa, hilo halifanyiki. Na ukweli ukisemwa, mtoto hana alama. Nilimtazama Sindano, mtu niliyemtetea tangu asubuhi, na hasira yote niliyokuwa nimeipeleka shuleni ikageuka njiani ikaja kukaa hapa kwenye mawe yetu. Nilitamani kumpiga na birika. Wote watatu, nilitamani kuwapiga.

— Bwana Mongan? akasema mwalimu. — Ni ndiyo au hapana tu.

Askofu alianza, "Wahenga..." akaacha.

Mlango wa trela ya Sindano ulifunguliwa. Majella alishuka na soksi tu kwenye matope, macho mekundu, akaja mpaka kwenye mawe, akasimama kando ya mwalimu wake. Alikuwa amesikia yote. Kuta za trela ni bati na sponji, hazifichi kitu.

— Mjibu, baba, akasema.

Sindano alimtazama, akatutazama sisi, mmoja mmoja, akitafuta wa kumsemea.

— Mimi nilipokuuliza siku ile ulinijibu haraka, Majella akasema. — Mjibu na yeye.

Malori yalipita. Mwalimu alisubiri kikombe mkononi, chai haijaonjwa. Sindano aligeuza macho kwenye banda la farasi, na kati yetu sote hapakuwa na wa kumsaidia.