Kamati ya Harusi ya Elieshi

Mdogo wangu Elieshi Aminiel Swai alizaliwa Machame, Kilimanjaro, tarehe 3 Machi 1974. Hapana, hapo nirekebishe. Wa 1974 ni yule aliyemtangulia, ambaye hakukaa. Elieshi ni 1975, mwaka baba alioezeka nyumba bati. Alimaliza darasa la saba hukohuko kwetu mwaka 1989, akajifunza na cherehani kidogo.

Mwaka 1996 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwangu, mtaa wa Gerezani, akapata kazi Kariakoo kwenye ghala la vitenge la tajiri Sadalla. Kazi ilikuwa kukunja na kufunga marobota. Nasema alipata kazi, ila mkataba hakuna aliyekuwa nao. Mwaka 2009 mwenzao, Nice, alijifungua, na aliporudi akakuta nafasi yake ina mtu. Hapo ndipo Elieshi alipoanza kuwashawishi wenzake wajiunge na chama cha wafanyakazi. Kimyakimya, maana atakayejulikana kabla hawajawa wengi angeambiwa kesho asije.

Sasa watu wa ghala moja wakutane wapi kila wiki asiulize mtu? Kwa mji huu, kikao cha harusi. Wakaunda kamati, na mwenyekiti, na soda mezani. Bibi harusi Elieshi. Bwana harusi akatajwa Pius, mpakizi kutoka Masasi, mpole asiye na maneno.

Tajiri naye aliona. "We Elieshi, kila Jumamosi kikao! Mnaoza au mnapindua serikali?"

"Tajiri, hata mgeni rasmi hatujapata."

"Na mimi je, sifai?"

Siri hiyo mimi sikuijua. Nilisikia mtaani tu kwamba mdogo wangu anaolewa. Posa imepita wapi? Nikavaa koti, nikaenda ghalani, nikamkuta tajiri kasimama nao.

"Pius ni yupi? Kwetu binti haozwi na kamati!"

Tajiri akageuka. "Kumbe kaka mtu hajui? Hiki kikao ni cha harusi kweli?"

Elieshi akainama. Lolote ambalo angesema lingewamwaga wote. Pius ndiye aliyetua robota, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, shemeji. Tulikuwa tunajipanga. Jumapili tunakuja."

"Marahaba. Msichelewe."

Wakaja kweli, yeye na mjomba wake, na badala ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaleta korosho. Tulizila.

Haukupita muda, zaidi ya nusu ya ghala wakawa wamejiunga, na viongozi wa chama wakabisha hodi mchana kweupe. Tajiri alinuna, lakini atamfukuza nani amwache nani? Mikataba ikatoka, Nice akarudi kazini. Nilipoelezwa yote nilikaa chini nikapumua. Ila harusi hawakuifuta; ndoa ilifungwa kweli Jumamosi, tarehe 5 Juni 2010. Mgeni rasmi alikuwa Sadalla. Alikula vizuri, akashika kipaza sauti: "Kamati ya harusi inayochapa kazi hivi sijapata kuiona."

Figo zilianza kumsumbua Elieshi mwaka 2023. Kazi ilimngoja, kwa sababu safari hii mkataba ulikuwepo. Alifariki Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, hospitalini Upanga, usingizini, uso umelainika. Tulilia, na tulishukuru pia, maana maumivu yalikuwa yamemwacha.

Ameacha mume, Pius, watoto wawili, Lucky na Vicky, mimi kaka yake Kasmir, na hao mliowaona wamevaa kitenge cha sare hapo nyuma. Ndiyo kamati yenyewe. Mungu amlaze pema, mdogo wangu, mzigo ameutua.

Limebaki moja. Miaka yote nilikuwa namuuliza, ghala lina wanaume tele, nani alilitaja jina la Pius kwenye kikao cha kwanza? Alikuwa anacheka tu. Jana nimemuuliza Pius, naye kacheka huku machozi yanamtoka. Elieshi, ile harusi ilikuwa kisingizio cha chama, au chama ndicho kilikuwa kisingizio cha harusi?